Kalkuleta ya elfu thelathini na nane na namba yangu ya kupimia

Mimi ni karani wa chama cha ushirika cha kahawa huku Mbozi, na kila nikinunua kalkuleta naipima kwanza kwa namba moja: 4294967297. Safari hii nilikuwa Mwanjelwa, jijini Mbeya, kwenye duka dogo la vifaa vya shule na ofisi. Kijana muuzaji alipoona napiga tarakimu kumi akauliza, "Mzee wangu, unampigia nani?"

Simpigii mtu. Hiyo ni mbili kwa kipeo cha 32, jumlisha moja. Fermat, yule mwanahisabati Mfaransa, aliamini ni namba tasa. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaipasua: 641 mara 6700417. Baadaye akaonyesha na njia: kigawanyo chake chochote, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa hiyo unajaribu namba tasa za aina hiyo tu: 193, 257, 449, 577, na ya tano ndiyo 641 yenyewe.

Nikabonyeza alama ya sawasawa, SHIFT, kisha FACT, kitufe cha kupasua namba kuwa namba tasa. Kioo kikaleta 641×(6700417). Hayo mabano ndiyo yaliyonitoa hela. Mashine hii inatafuta namba tasa zisizozidi tarakimu tatu. Kipande kinachoishinda inakifungia kwenye mabano, haikuapii kwamba ni tasa. Makarani wangapi wana adabu hiyo? Uhakiki wa 6700417 nikaumalizia mwenyewe ndani ya Coaster ya kurudi Vwawa. Zile nne za mwanzo zilishakataa, zikabaki saba tu: 641 tena, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Hakuna iliyoingia. Ukifika 2589 unaacha, maana 2589 mara yenyewe imeshaipita 6700417. Basi ni tasa.

Mashine ilipokwama ni kwenye mbili kwa kipeo cha 67, toa moja. Inaandika 1.475739526 mara kumi kwa kipeo cha 20, na utoe moja usitoe, kioo ni kile kile! Haiwezi hata kukuambia ni shufwa au witiri. Namba kamili ni 147573952589676412927, na Cole, mwanahisabati wa Marekani, aliipasua mwaka 1903: 193707721 mara 761838257287. Nilizizidisha kwa mkono nyuma ya daftari la zamani la mapokezi. Jioni mbili, kwa sababu ile ya kwanza nilisogeza mstari mmoja vibaya.

Kwa kilo na shilingi za wakulima inatosha na kubaki. Kijana alianzia 45,000, tukamalizana kwa 38,000. Mfuniko umeshaanza kulegea, hilo dogo. Kubwa ni kitufe cha 7: asubuhi ya Juni, vidole vimekufa baridi, ukikigusa haraka hakiandiki, na namba yangu ya kupimia ina saba mbili, moja ikiwa ya mwisho kabisa. Nilimrudia kijana. Akakibonyeza mara tatu, kikakubali zote.

"Mzee, mbona kizima?"

Dukani kwake kulikuwa na jua.