Tairi za barafu kwenye masika ya Dar: nilizotoa na nilizofunga

Nianze na daladala. Ilikuwa Machi 2024, saa kumi na moja kasoro alfajiri, mvua ya kwanza ya maana baada ya siku nyingi za vumbi. Nateremka Makongo kuelekea Ardhi, nawahi zamu ya asubuhi Upanga, mwendo hata hamsini haufiki. Coaster iliyo mbele yangu ikasimama ghafla kuokota abiria mmoja. Nikakanyaga breki. Gari likaendelea na safari zake. Mguuni nasikia ABS, ile kinga ya tairi kujifunga kwenye breki, inagonga gonga, zile taa nyekundu zinazidi kuwa kubwa, na mimi nimegeuka mtazamaji ndani ya gari langu mwenyewe. Konda akapiga bodi, dereva akaondoa. Tulikosana kwa kiasi cha mkono.

Nikajua breki zimekufa. Fundi wangu akafungua magurudumu yote manne, akakuta pedi nzima, diski nzima, mafuta ya breki masafi. Kisha akachuchumaa, akabonyeza tairi kwa kidole gumba kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

"Dada, umetembelea hizi toka gari limetoka bandarini?"

"Ndiyo. Si bado zina kashata?" Yaani yale meno ya tairi yanayogusa lami.

"Kashata zipo. Hizi ni za barafu."

Akanionyesha ubavuni. Neno STUDLESS, yaani tairi ya barafu isiyo na misumari, limeandikwa kwa herufi kubwa, na mimi nimepita pembeni yake miezi minane nikienda na kurudi kazini. Premio yangu ilitoka Japani na tairi hizo mguuni. Huko sehemu zenye theluji watu wana seti mbili, moja ya kipupwe na moja ya miezi mingine. Gari la mnada linaweza kuja na yoyote kati ya hizo. Wakala aliniandikia kwenye tangazo "tairi nzuri sana, kashata asilimia 80". Hakudanganya.

Hapa ndipo wengi tunapoingia mkenge, kwa sababu tumefundishwa kuangalia kipara tu. Tairi ya barafu inapendeza ukiitazama. Kashata nene, na juu yake vichanja vyembamba vingi kama vimekatwa na wembe, vya kung'ata barafu. Mpira wake ni laini makusudi ili usikakamae kwenye baridi kali. Sasa uitoe huko uilete kwenye lami ya Dar yenye nyuzi 30. Mpira unalegea, vile vipande vilivyochanjwachanjwa vinayumba kila ukikanyaga breki, na mifereji haikupangwa kwa kazi ya kusukuma maji mengi pembeni. Jua likiwaka inajificha, unachoona ni kwamba inaisha haraka. Mvua ikinyesha inakuumbua. Wenzetu wa nchi za baridi wana kitu wanakiita tairi ya kiangazi, ambayo inaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Sisi nyuzi 7 tunaziona ndani ya friji. Kwa hiyo tairi yao ya kiangazi ndiyo tairi yetu ya mwaka mzima, masika na vuli ndani yake.

Jumamosi nikaenda kwenye maduka ya tairi ya mtaa wa Gerezani, na shemeji yangu kama mlinzi. Saizi yangu ni 195/65R15, ambayo ukiitaja tu kila mtu mtaa mzima anayo. Kwanza tukapelekwa kwenye mtumba. Tairi zimepangwa ukutani, zimepakwa dawa nyeusi zinang'aa kuliko viatu vya bwana harusi. Nikajifanya mjuzi, nikapitisha kidole kwenye mifereji ya mojawapo. Kingo zilikuwa kali, zimekwaruza. Shemeji akaninong'oneza kwamba hiyo imechongwa: tairi imeisha, mtu amechukua kisu cha moto akachimba mifereji mipya kwenye mpira uliobaki. Ukiigonga na shimo la kwanza tu, unaweza kuona nyuzi zake.

Nyingine haikuchongwa, ilionekana nzima kweli. Nikatafuta ile alama ya DOT na tarakimu nne za mwisho. Zilisomeka 1114.

"Hiyo namba ya nini, kaka?"

"Ya kiwanda tu hiyo, dada. Isikusumbue."

Ni ya kiwanda kweli: wiki ya 11, mwaka 2014. Mpira wa miaka kumi, umekauka, hata uwe na kashata za kuzamisha kidole, kwenye maji unakuwa kama plastiki. Nikamshukuru, tukaondoka. Hakukasirika, akamuita anayefuata.

Kwa tairi mpya nilipewa aina tatu. Ya kwanza ya Kichina, jina lake silikumbuki na sidhani kama aliyeniuzia analikumbuka, laki na arobaini kila moja. Ya pili ya Kijapani ya bei ya kati. Ya tatu Michelin Primacy 4, laki mbili na themanini. Mara mbili kamili ya ile ya kwanza. Muuzaji alikuwa kijana mstaarabu, lakini kila swali langu jibu lake lilikuwa "hii ngumu, inadumu". Kwa mtu wa Dar kudumu ndiyo sifa ya kwanza ya tairi. Mimi niliyetoka kukosana na Coaster nilikuwa na swali jingine: inasimama wapi?

Jibu linapatikana bila kumuuliza mtu, ukijua pa kutazama. Kwenye ubavu wa tairi nyingi kuna maneno matatu ya mfumo wa Marekani. TREADWEAR ni namba ya kudumu, ikiwa kubwa ina maana inachelewa kuisha. TRACTION ni herufi ya kushika lami iliyolowa pale unapofunga breki gari likiwa limenyooka: AA ndiyo ya juu, halafu A, B na C. TEMPERATURE ni kuvumilia joto. Ulaya nao wana lebo yao, ambayo toka 2021 inapanga kushika maji kutoka A mpaka E. Primacy 4 kule iko A. Ile ya laki na arobaini ilikuwa na namba kubwa ya kudumu na herufi B ya kushika. Sisemi kila ya Kichina iko hivyo, zipo nzuri, lakini ile niliyoishika mkononi ilikuwa inajisema yenyewe.

Basi nikachukua Michelin. Mbili. Hela ya tairi zote nne haikuwepo, na zamu yangu ya mchezo kazini ilikuwa Mei. Tarakimu zilisomeka 4123, yaani zilikuwa na miezi mitano hivi toka kiwandani. Kwa hapa hiyo ni tairi ya moto.

Kwenye kufunga ndipo tulipogombana. Kijana wa kufunga tairi alishapiga jeki mbele. Gari linavuta mbele, usukani uko mbele, akaona tairi mpya zinakwenda mbele, na waliokuwa wamekaa pale kwenye benchi wote wakamuunga mkono. Nikasema nyuma. Akanitazama kwa huruma. Nilikuwa nimesoma usiku uliopita, na Michelin wenyewe ndivyo wanavyoelekeza: ukinunua mbili, zenye kashata nyingi zinakaa nyuma. Sababu yake ni nyepesi. Mbele ikiteleza gari linakataa kukata kona, unaondoa mguu kwenye mafuta, linarudi. Nyuma ikiteleza gari linazunguka lenyewe, na hapo dereva wa kawaida kama mimi hana la kufanya zaidi ya kumtaja Mungu. Akafunga nyuma huku anacheka na wenzake. Nikakubali kuchekwa. Tairi bora kati ya zile za zamani zikabaki mbele, na mwezi na nusu uliofuata niliendesha kama nimebeba mayai. Za pili nilifunga wiki ya pili ya Mei, baada ya kile kimbunga Hidaya kupita.

Jambo moja pale lilinifurahisha. Primacy 4 ina upande wa nje na upande wa ndani, na imeandikwa hivyo ubavuni. Kijana alianza kuivaa moja kinyume, akajigundua mwenyewe kabla sijafungua mdomo, akaivua. Balansi na valvu mpya zilikuwa ndani ya bei. Alaimenti nikalipa elfu thelathini kwingine.

Sasa kipimo changu. Jumapili moja kabla sijabadilisha, saa kumi na mbili asubuhi, mvua imetoka kukatika, nilikwenda na mume wangu kwenye kipande cha lami kisicho na magari upande wa Madale. Mwendo hamsini, nikifika usawa wa mwembe nakanyaga breki mpaka mwisho, yeye anahesabu hatua kutoka kwenye mwembe hadi tairi ya mbele. Mara tatu. Za barafu zilinipa hatua 31, 33, 31. Tukarudia mwisho wa Mei, Michelin zote nne zikiwa mguuni, mwembe uleule, lami imelowa vilevile: 22, 21, 22. Najua si maabara. Hatua za mume wangu si mita, na maji ya siku mbili hayafanani. Lakini hatua kama kumi ni gari zima na zaidi. Mzee mmoja aliyekuwa anapitisha mbuzi alisimama akatutazama raundi zote tatu, mwisho akauliza kama mume anamfundisha mke au mke ndiye anamfundisha mume. Alimuuliza mume wangu, bila shaka.

Tofauti nyingine naisikia kwenye usukani. Kwenye Bagamoyo Road mvua ikikaza, upande wa kushoto maji yanatuama kama karai. Zamani nikiyaingia usukani ulikuwa unalegea nusu sekunde, gari linaelea. Sasa nasikia maji yanarushwa chini ya miguu, kelele nyingi, na usukani unabaki mzito. Hata hivyo tairi haifanyi kazi peke yake. Wahandisi wa NASA walitoa hesabu mwaka 1963, waliifanyia tairi za ndege, inayoonyesha kwamba mwendo wa kuanza kuelea juu ya maji unafuata upepo uliomo. Kwa upepo wa 32 (psi) inatoka kama kilometa 94 kwa saa. Ukiuacha ushuke hadi 20 inatoka kama 74. Kibandiko cha mlangoni kwangu kinasema 220 kPa, ambayo ndiyo 32 kwenye geji zetu. Vijana wa upepo wanapenda kuweka 40 "ili gari liwe jepesi". Hilo nalo hapana, tairi inavimba katikati na inayogusa lami inapungua. Nimenunua geji yangu, elfu kumi na tano, ninapima Jumapili gari likiwa baridi.

Nisikufiche upande wa pili. Hizi ni tairi za lami. Kilometa moja ya mwisho kwenda kwangu Goba ni udongo mwekundu, na siku za tope mifereji inajaa, gari linatembea kama limevaa kandambili. Hakuna tairi ya lami itakayokwambia vingine. Ukikaa ndani ndani zaidi kuliko mimi, hesabu yako ni nyingine. Na hela ni hela: milioni moja, laki moja na ishirini kwa nne, kwa mshahara wa muuguzi. Niliilipa kwa awamu na bado iliuma.

Nimetembea kilometa 17,000 sasa, miezi kumi na mitano. Nilipozifunga kashata zilikuwa karibu milimita 7 kwa rula ya mtoto, leo ni tano na nusu hivi. Alama ya kuisha iko 1.6, ila kwa maji mimi nitazitoa zikifika 3. Pancha moja, ya msumari.

Wiki iliyopita nilipita kwa fundi kubadilisha oili. Akaniuliza zile za barafu niliziweka wapi, ana mteja mwenye IST anatafuta tairi "zenye kashata". Nikamwambia moja ni bembea ya watoto, tatu nimepanda mchicha.

"Zote tatu?"

"Zote tatu. Na nimezitoboa."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye oili yake.