Mkanda wa kuyeyusha tumbo: hauyeyushi, ila wangu simpi mtu

Mkanda wenyewe mnaujua. Ni ule mweusi wa mpira laini, unauzungusha tumboni na kuubandika kwa ile nata inayolia krrr ukiibandua. Hapa Dodoma unaupata soko la Majengo, na machinga wanapita nao mabegani hadi maofisini. Juu ya boksi kuna picha ya dada wa Kizungu mwenye kiuno cha nyigu. Wangu nimeununua elfu 18, bei iliyoanzia elfu 30, na nimeuvaa tangu ule msimu wa upepo baridi wa Julai hadi mvua za Desemba zikaanza. Kwa hiyo ninayoandika hapa si ya kusimuliwa.

Niseme kwanza nina mwili gani, maana mtu mwenye mwili mwingine angeuandikia mkanda huu mambo mengine kabisa. Nilikuwa na kilo 112, leo nina 74. Hakuna dawa wala sindano. Ni tonge la ugali lililopungua, mlenda na mchicha kuongezeka, soda kuachwa kabisa, na kutembea jioni kuzunguka Uwanja wa Jamhuri mpaka wauza karanga wakanizoea. Uso ukapungua, mikono ikapungua, pete ya ndoa ikawa inachomoka kwenye beseni la vyombo. Kilichogoma ni tumbo la chini na pembeni mwa kiuno, zile tunazoziita nyama uzembe. Nikisimama na gauni langu utanisifia. Nikiinama kufunga viatu, kuna mkunjo unafika magotini kabla ya mikono.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nakaa Nkuhungu, na bahati mbaya ya muuzaji ni kwamba hakuyajua hayo.

"Dada'angu, huu unayeyusha. Tembea nao tu, jioni utaona mafuta yenyewe yanatoka."

Nikamuuliza yanatokea wapi.

"Kwenye vinyweleo, mama."

Ndani ya mauzo hayohayo nilishapandishwa cheo kutoka dada hadi mama. Nilipozidi kumhoji akaniongezea pakiti ya chai ya kukata tumbo, eti ndiyo inayousaidia mkanda ufanye kazi. Nikaigeuza nyuma nikasoma: sena. Hiyo ni dawa ya kuharisha. Itakupeleka chooni usiku kucha, asubuhi utajiona mwepesi kwa sababu utumbo ni mtupu na maji yamekuisha mwilini, ila mafuta yako yote umeamka nayo. Nikamrudishia chai yake, nikabaki na mkanda. Niliutaka kwa kazi nyingine, nitaifikia.

Hata hivyo, kwa kuwa umenadiwa kama kiyeyushio, niliupima kama kiyeyushio. Kabla ya kutembea nilipita kwa kijana wa mzani pale Sabasaba, nikapanda. Nikauvaa, nikazunguka uwanja jua likiwa bado kali, nikarudi kwake. Mzani ulikuwa umeshuka karibu robo tatu kilo, na kijana akanipongeza. Nilipoufungua nyumbani ulikuwa unachuruzika, ungeweza kuukamua. Nikanywa maji, nikala, nikalala. Asubuhi uzito ulikuwa uleule wa jana. Futi kamba ya fundi cherehani jirani yangu nayo ilisema hivyohivyo: ukitoka tu kwenye mkanda kiuno kimepungua sentimita mbili tatu, kwa kuwa nyama zimebanwa, na muda si mrefu zinarudi kwao.

Jasho ni maji na chumvi, kazi yake ni kuupoza mwili. Mafuta hayapiti huko. Mwili ukiyachoma, yanageuka kuwa hewa ya ukaa na maji. Waliopiga hesabu hiyo na kuichapisha mwaka 2014 walionyesha kwamba katika kilo 10 za mafuta yaliyochomwa, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi na 1.6 tu hubaki kuwa maji. Yaani kilo zangu 38, sehemu yake kubwa nilizipumulia pale Uwanja wa Jamhuri, puani na mdomoni. Vinyweleo mnavisingizia bure.

Na kwa nini tumbo la chini ligome wakati mikono imekubali? Seli za mafuta hazifi kwa sababu umepungua. Zinasinyaa tu. Kila mwaka karibu asilimia 10 ya seli hizo hufa na nyingine huzaliwa kushika nafasi zao, kwa hiyo idadi inabaki ileile, zikisubiri Krismasi. Halafu seli zenyewe hazilingani. Homoni ya adrenalini inapokuja kuyafungulia mafuta, inakuta kwenye seli vipokezi vya aina mbili, kimoja kinafungua mlango na kingine kinaubana. Kwa sisi wanawake, mafuta ya nyonga na mapaja yana wingi wa hivyo vinavyobana, na yale ya chini ya ngozi ya tumbo nayo si mepesi kutoka. Kuufunga mkanda mahali hapo hakuibadilishi amri hiyo. Huwezi kuuchagulia mwili ghala la kuanza nalo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawaligusi kabisa. Daktari aliyeniangalia aliubana mkunjo wangu kwa vidole viwili, akauvuta, akauachia. "Madam, hapa unagombana na ngozi zaidi kuliko mafuta." Ngozi iliyokaa imetanuka miaka na miaka nyuzi zake hazirudi zote. Hiyo haiyeyuki kwa mkanda, kwa chai wala kwa kitunguu saumu. Dawa yake ya kweli ni upasuaji wa kuikata, na hata huo madaktari hutaka uzito uwe umetulia kwa miezi, sita au zaidi, kabla hawajakugusa. Zile mashine za kugandisha mafuta ambazo Marekani waliziruhusu mwaka 2010 kwa mafuta ya pembeni mwa kiuno zinapunguza tabaka la mafuta, haziikazi ngozi iliyolegea hivi, na kuna wachache ambao mafuta yao yalivimba badala ya kupungua. Mshahara wangu haujafika huko na sina usingizi ninaoukosa kwa hilo.

Sasa kazi niliyoununulia. Ngozi iliyolegea inachezacheza. Ukitembea haraka, hasa kwenye mteremko, mkunjo unapiga juu na chini, unajisugua wenyewe kwa wenyewe, na kwa vumbi na jasho la hapa kwetu jioni unaoga huku unang'ata meno. Nilikuwa nafupisha matembezi kwa maumivu hayo, si kwa uchovu. Mkanda umeyamaliza. Unaunyanyua mkunjo, unaushikilia, natembea raundi zangu zote na hata kukimbiakimbia kidogo ninapoona hakuna mwanafunzi karibu. Bibi yangu wa Mvumi alijifunga kanga kila baada ya kujifungua na angeniambia nimetupa hela. Nilishaijaribu, ni nzuri ukiwa umekaa, ila ukitembea inapanda kifuani na fundo linakuchoma ubavuni.

Gauni nalo linakaa vizuri. Kwenye harusi za Desemba hilo si dogo.

Kasoro zipo. Usiuvae juu ya ngozi tupu. Mimi ulinitoa vipele vya joto mpaka nikajifunza kuvaa fulana ya pamba ndani, na mkunjo naukausha vizuri kwa taulo kabla ya kuufunga, kwa sababu unyevu ukikaa humo fangasi wanahamia. Usile ugali ukashiba kisha ukaubana, kiungulia kitakusumbua usiku, tumbo likiminywa asidi inapanda juu. Kulala nao kama muuzaji anavyoshauri ni kujitesa. Oktoba, joto lilipochachamaa na mvua bado, niliuweka kando kabisa mchana, maana unamzuia mtu kupoa wakati ndipo anapohitaji kupoa.

Halafu ile mifupa ya plastiki. Mgongoni kuna vijiti vinne vya kuunyoosha, vimeshonewa kwenye vifuko vyembamba. Kimoja kilitoboa mfuko wake nikiwa kwenye daladala ya kwenda mjini, nimebanwa siti ya nyuma, kikaanza kunidunga chini ya mbavu, na siwezi kufunua nguo mbele za watu. Nilishuka kituo si changu. Fundi cherehani alikitoa, akakikata ncha kwa mkasi, akakichoma kwa kiberiti kikawa mviringo, akakirudisha na kipande cha jinzi juu yake. Elfu mbili. Tangu hapo pale ndipo mahali imara kuliko pote, na vile vingine vitatu nilimwambia avifanyie hivyohivyo kabla havijaamua.

Kwa kuyeyusha mafuta naupa sifuri. Kwa kushikilia ngozi iliyobaki baada ya kupungua sana, nne kati ya tano, moja nimeikata kwa mifupa. Kama hujapungua na unataka upungue kwa huu, elfu 18 yako ni raba za mtumba nzuri tu za kutembelea. Mwenye mshono wa upasuaji au aliyejifungua juzi amuulize kwanza daktari au mkunga.

Ukienda kununua, jipime hapohapo juu ya nguo, kaa kwenye kigoda, inama, vuta pumzi ndefu. Ukishindwa kuvuta, chukua unaofuata kwa ukubwa, namba za Kichina ni ndogo. Ufue kwa mkono, uanike kivulini, jua la hapa linaukakamaza. Chukua mweusi. Ule wa pinki unachuja kwenye fulana nyeupe.