Jelaba ya sufu kwa baridi ya Moroko: ipi ununue, ipi uiache dukani

Asalamu alaykum, karibuni tena. Leo niko Fes, chumbani kwangu, na mnaona nimevaa nini: jelaba ya sufu, kofia kichwani, saa nne asubuhi. Sijavaa kwa ajili ya kamera. Hivi ndivyo tunavyokaa huku Desemba hadi Februari.

Naanza na hapo kwa sababu wengi wenu, hasa wanafunzi mnaokuja kusoma huku, mnaniuliza koti la kutokea nje. Ndugu zangu, baridi ya Fes inakukuta ndani. Nyumba za mji wa kale zilijengwa kupigana na joto la kiangazi: kuta nene, dari ndefu, vigae sakafuni na ukutani, ua wa katikati uko wazi juu. Mwezi wa saba ni raha tupu. Mwezi wa kwanza, vigae vile vile ukivikanyaga pekupeku unaruka. Na nyumba nyingi hazina chombo cha kupasha joto zaidi ya jiko la gesi, basi mtu anavaa joto lake mwilini. Saa sita jua likiwaka unatoka nje kuota, ukirudi ndani unajifunika upya.

Ukipanda milimani ndiyo usiseme. Ifrane, mji ulio kusini ya hapa kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,600, theluji inaanguka kila mwaka. Tarehe 11 Februari 1935 ilipimwa pale nyuzijoto 23.9 chini ya sifuri, na hakuna mahali Afrika palipowahi kurekodiwa baridi kuliko hiyo.

Sasa, jelaba yenyewe. Ni vazi refu la kuvaa juu ya nguo nyingine, mikono mipana, kofia imeshonewa nyuma ya shingo. Kanzu yetu inakaa mwilini. Hii kwa kazi yake iko karibu na joho, ila joho liko wazi mbele, na jelaba unaiingilia kichwani. Ukipewa isiyo na kofia, mikono mifupi, kitambaa chepesi, hiyo ni gandora, vazi la kiangazi. Muuzaji atakwambia ni kitu kimoja. Si kitu kimoja.

Nina tatu hapa. Hii ya kijivu niliinunua mwaka wangu wa kwanza, dirhamu 250, na mwenye duka aliniapia kuwa ni sufu tupu. Ishikeni kwa macho tu: laini, nyepesi, uzi umenyooka kama umepigwa rula. Wiki ile ile nilichomoa uzi mmoja kwenye upindo nikauwasha. Ngoja niwashe mwingine mbele yenu. Mnaona? Unajikunja, unayeyuka, unabaki kitone cheusi kigumu, na harufu ni ya plastiki. Hii ni akriliki. Iliniuma sana, maana ile ilikuwa pesa yangu ya chakula.

Sasa huu wa sufu. Moto unasitasita, ukiuondoa unazimika wenyewe, na harufu ni ya nywele zilizoungua. Jivu nalisugua kwa vidole linakuwa unga. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, omba nyuzi mbili za kitambaa kile kile. Anayeuza sufu ya kweli hakatai. Wengine wanakuwashia wao wenyewe. Na kuuliza ni rahisi kwetu, kwani wao wanasema "suf" na sisi tunasema sufu, neno ni lile lile la Kiarabu.

Kwa nini nang'ang'ania sufu? Majira ya baridi huku ni majira ya mvua pia. Sufu inanyonya unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi umelowa. Ile ya kijivu nikipanda nayo vichochoro vya hapa, jasho linabaki mgongoni, nikisimama tu baridi inaingia.

Ya pili si yangu, nimeazima kwa mama mwenye nyumba, kwa ajili ya dada zangu mnaouliza za kike. Kitambaa chake wanakiita mlifa, kizito kiasi na uso wake umetulia. Imekatwa kufuata mwili. Nasogeza kamera hapa kifuani: huu utepe uliosukwa ni sfifa, na hivi vifungo vidogo kama punje ni aakad. Kila kimoja ni uzi uliozungushwa na kufumwa kwa sindano, na kwa kazi hii wanawake wa Sefrou, mji jirani, wana jina kubwa. Ni kazi ya mikono ninayoiheshimu mno. Ila jueni kwamba ndiyo inayopandisha bei, na haiongezi joto hata kidogo. Kwa mjini inatosha. Kwa Ifrane, hapana, labda juu yake uvae selham, lile vazi lao pana lisilo na mikono, la kutupia mabegani.

Na hii niliyovaa. Sufu ya Ouezzane, mji wa kaskazini unaosifika kwa jelaba za wanaume. Nimeipima kwenye mizani ya jikoni: kilo 2 na gramu 300. Njooni karibu. Rangi ya kahawia hii haikutiwa, ni ya kondoo mwenyewe, ndiyo maana mnaona vinyweleo vyeupe humo ndani. Uzi pengine mnene, pengine mwembamba, kwa sababu umesokotwa kwa mkono. Sasa naishika mbele ya dirisha. Mwanga unapenya kwa vitundu vichache sana. Fanyeni hivyo dukani: ukiona mwanga kama wa chujio, upepo nao utapita.

Kofia ndiyo nusu ya vazi. Ivute juu ya kofia yako ya kawaida. Ifike mbele ya paji la uso na masikio yafunikwe yote. Ukiiteremsha inalala shingoni kama skafu. Nimeona wazee wa hapa wakitoka sokoni wametia mikate humo. Mikono nayo ifunike vidole, maana hakuna glovu. Chini iishie juu ya kifundo cha mguu, msiwasikilize wanaosema iburute. Vichochoro vya Fes ni ngazi na matope.

Hii sikununua tayari. Nilinunua kitambaa, nikakipeleka kwa fundi, huku wanamwita maalem. Vyote jumla dirhamu 900. Pale nilimkuta kijana amesimama hatua chache na nyuzi vidoleni, akizipishanisha kila maalem anapopitisha sindano. Mshono ule wanauita bershman. Mishono ya mabega nimeivuta mara nyingi, haijaachia.

Mtaniuliza kuhusu bziouia, ya Bzou mkoani Azilal. Ni nyembamba ajabu, uzi unasokotwa mpaka unafanana na hariri, na kufuma kitambaa cha jelaba moja huenda miezi. Hiyo ni ya Idi na harusi, na bei yake ni ya Idi na harusi.

Kasoro za hii ya Ouezzane zipo. Inawasha, lazima fulana ya pamba ndani. Ikilowa inanuka kondoo na inakauka siku mbili. Maji ya moto yataifanya ya mtoto: ifueni kwa maji baridi, msiikamue, ilazeni juu ya taulo. Jikoni kunjeni mikono, mnaweza kuunguza. Na nondo wanaipenda. Mimi naihifadhi na karafuu kwenye kitambaa, kama nyumbani.

Nilimpelekea baba yangu mdogo moja kama hii, Lushoto, kwa ajili ya kipupwe. Vipimo alinitumia kwa simu: bega hadi bega juu ya sweta, na bega hadi kifundo akiwa amevaa viatu. Ilimkaa sawasawa. Akanipigia kuuliza mbona haina mifuko. Nikamwambia, baba, pitisha mkono kwenye huo mwanya wa ubavuni, utaukuta mfuko wa suruali yako.