Kapsuli za mwani mwekundu: lebo ilisema mengi ila lililo muhimu

Nimemaliza chupa ya kapsuli 60 za mwani mwekundu, nikimeza mbili kila siku baada ya chakula, na lawama yangu kubwa hailengi kilichomo ndani ya kapsuli bali kile ambacho lebo haikukisema.

Lebo ilitaja jina la kitaalamu, Chondrus crispus, na uzito wa unga, basi. Kiasi cha iodini, yale madini joto ambayo ndiyo huwafanya wengi wafikirie mwani, hakikuandikwa popote. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 150 kwa siku. Akipungukiwa, tezi ya thairoidi huweza kuvimba ikawa rovu, na akizidisha kwa muda mrefu, tezi hiyo hiyo huvurugika. Kwa kuwa iodini ya mwani hubadilika kulingana na aina, bahari na msimu wa kuvuna, mtengenezaji asiyepima kila fungu na kuandika alichokipata anamwacha mnunuzi abahatishe.

Nafasi ya namba hiyo ilijazwa majigambo kwamba mwani una "madini 92". Elementi zote kuanzia hidrojeni hadi urani ni 92, hivyo dai hilo likishikwa lilivyo, tunameza risasi, zebaki na aseniki pia. Kwa kweli mwani hufyonza metali nzito kutoka majini, ndiyo maana nilitarajia matokeo ya maabara huru, sikuyaona.

Unga wenyewe sina ugomvi nao. Nilifungua kapsuli moja nikakuta zambarau iliyofifia, yenye harufu ya ufuo maji yakiwa yamekupwa. Nilipoukoroga katika maji ya moto ulivimba ukatoa ute, kazi ya karajinani, dutu ya mwani huu inayogeuka ute, ile ile inayotumika viwandani kuyapa maziwa na aiskrimu uzito. Choo kilikuwa laini kidogo, huenda kwa sababu hiyo. Nywele na ngozi, zilizoahidiwa makuu, zimebaki zilivyokuwa.

Anayetafuta kalisi asichanganye mambo, kwani hiyo hupatikana kwa wingi katika mwani mwekundu wa jamii nyingine, Lithothamnion, ulio mgumu kama chokaa. Mjamzito, mwenye maradhi ya thairoidi na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, wamwone daktari kabla ya kufungua chupa yoyote. Mimi hii sitainunua tena; atakayeandika mikrogramu za iodini katika kila kapsuli nitamjaribu.