Fort Jesus: safari hii niliiona kweli

Nimezaliwa Mombasa na ngome yetu ya Fort Jesus nilishaingia mara mbili. Ya kwanza na shule. Ya pili na mtu aliyetudaka nje ya lango, akatuzungusha mbiombio nusu saa, akachukua chake akaenda zake. Safari hii nilitafuta mtembezaji aliyetulia, tukaingia asubuhi kabla jua halijawa kali, na masaa mawili yalikatika sina habari.

Hakuanza na wafalme. Alitupeleka moja kwa moja kwenye ukuta waliouchora askari wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu. Merikebu ni nyingi, moja baada ya nyingine. Nilipousogelea niliona kamba za milingoti zimevutwa moja moja, kwa mkono usiokuwa na haraka. Nilimhurumia aliyechora. Naamini alikuwa akiwaza kwao.

Ndipo akatusimulia mazingiwa. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaja 1696, wakaizingira mpaka Desemba 1698. Humo ndani maradhi na njaa viliangamiza watu wa kila namna, Wareno na Waswahili waliokuwa nao. Meli ya msaada, Santo António de Tanna, ilizama 1697 hapo hapo chini ya ngome. Vitu vilivyotolewa baharini na wapigambizi miaka ya 1970 vimo kwenye makumbusho. Usivipite. Mimi vyombo vile vya udongo vilinishika kuliko mizinga.

Waingereza nao waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958. Hapo nikajifunza kuwa neno letu gereza limetoka kwenye igreja, yaani kanisa kwa Kireno.

Juu ya kuta hakuna kivuli, kwa hivyo chukua maji na kofia, na wazee washikwe mkono kwenye ngazi. Nyumba ya Waomani iache ya mwisho, upumzike ukitazama mlango wa bahari. Ukitoka, ingia Mji wa Kale uende kwa miguu mpaka Msikiti wa Mandhry, mji wenyewe utakumalizia hadithi.

Mtembezaji wetu nampa alama zote. Mwezi ujao nampeleka mama. Ameishi Kibokoni, mtaa wa jirani, umri wake wote, na merikebu zile hajaziona.