Tipu za lethi zenye tantali: uzoefu wangu Kariobangi

Kwa wewe uliyesimama kaunta ya duka unataka jibu la haraka: ukikereza shafti nene za stili kwa mwendo mkali, nunua. Kama kazi yako ni pini ndogo au dramu za breki za matatu, pesa zako ziache mfukoni.

Ninazozungumzia ni tipu, vile vipande vidogo vinavyokata chuma kwenye lethi, za kabaidi (mchanganyiko mgumu wa metali na kaboni), alama CNMG 120408, boksi la kumi, lebo ya buluu yenye herufi P. Kampuni siitaji, maana daraja hili linatengenezwa na wengi na ninayoyasema yanahusu daraja lenyewe. Kila tipu ina pembe nne za kufanyia kazi, mbili juu na mbili chini, na ncha yake ina mviringo wa milimita 0.8. Buluu ni ya stili, manjano ni ya chuma kisichoshika kutu, nyekundu ni ya chuma cha kusubu, kile tunachokiita kasti. Ajabu ni kwamba wauzaji wengi wa hapa Nairobi watakuuliza umbo na ukubwa, lakini rangi hawaitaji kabisa.

Tofauti ya rangi hizo iko ndani ya tipu. Sehemu kubwa ni punje za kabaidi ya tungsteni, nyingi zikiwa za mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) moja au chache tu, na kobalti ndiyo saruji yake. Unga huo hushindiliwa kwenye kalibu, kisha huchomwa kwa nyuzi joto karibu 1,400 za Selsiasi. Hapo kobalti huyeyuka, hupenya kati ya punje na kuzivuta pamoja mpaka kipande kizima kinasinyaa. Kwenye daraja la stili huongezwa kabaidi ya tantali, metali inayovumilia sana joto, mara nyingi pamoja na ya titani. Tantali huzuia punje za tungsteni zisinenepe ndani ya tanuri, na baadaye kazini huiwezesha tipu kubaki ngumu hata ikiwa moto sana.

Hilo la joto nimeliona kwa macho. Kazi yangu kubwa ni shafti za vinu vya posho, za EN8, stili yenye kaboni ya wastani. Maranda ya stili hutoka marefu, yakiteleza juu ya tipu yakiwa na joto kali, na yanaondoka na kabaidi kidogo kidogo. Tipu ya kawaida isiyo na tantali huchimbika shimo nyuma tu ya makali. Shimo likifika ukingoni, ncha inakatika na shafti inatoka na michirizi. Hizi za buluu huisha polepole kwa ubavuni, jinsi inavyotakiwa. Naona mapema kwamba pembe imechoka, naigeuza, naendelea. Kwa kazi ya namna hiyo sina lawama hata moja.

Kijana wetu wa mafunzo aliuliza swali zuri: "Fundi, kama tantali inavumilia joto hivyo, si watengeneze tipu yote kwa hiyo?" Kabaidi ya tantali huyeyuka kwenye nyuzi joto karibu 3,900, miongoni mwa vitu vigumu zaidi kuyeyusha duniani. Lakini sifa hiyohiyo ndiyo inayoleta taabu. Unga wake mtupu haushikani vizuri mpaka upite nyuzi 2,000, tena kwa kawaida ukiwa umegandamizwa, na kwa moto huo punje hunenepa zikifungia vitundu vya hewa ndani yake. Hata ukipata kipande kizito kisicho na vitundu, ufa ukianza hakuna kobalti ya kuuzuia. Uwezo wake wa kuzuia ufa usienee mara nyingi ni kama theluthi moja ya kabaidi ya tungsteni yenye kobalti. Kukataa kuchubuka na kukataa kupasuka ni mambo mawili tofauti, na tipu inayahitaji yote.

Ndiyo maana shafti iliyokwisha kuchimbwa mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti, huzitesa tipu hizi. Kila mzunguko makali yanatoka hewani na kugonga chuma upya, na daraja la P15 humeguka mapema sana. Kwenye P, namba ndogo ni ngumu zaidi na huchakaa polepole, namba kubwa kama P35 huvumilia mapigo. Kwa kazi ya kugongagonga chukua namba kubwa, punguza mwendo, na usiimwagie maji kwa kushtukiza. Maji yanayokuja na kukatika hupasua makali kwa nyufa ndogondogo. Bora mkondo mfululizo au ukavu kabisa.

Dramu za breki ni kasti, na maranda ya kasti hutoka mafupi, hayakai juu ya tipu yakaichimba shimo. Tantali hapo haina kazi ya kufanya. Nyekundu yenye herufi K inatosha.

Jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu ni mashine. Shafti ya milimita 50 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika inapitisha mita 157 za chuma mbele ya tipu kila dakika. Hapo joto lipo na tantali inalipa. Pini ya milimita 20 kwa mzunguko uleule ni mita 63 tu. Kwa mwendo huo mdogo stili huanza kung'ang'ania makali, inajijenga donge, donge linabanduka na kipande cha tipu. Lethi nyingi kuukuu za hapa Kariobangi Light Industries hata hiyo 1,000 zinaifikia kwa kulia. Mwenye mashine kama hiyo analipia dawa ya ugonjwa ambao hana.

Na msidanganywe na rangi ya dhahabu. Unga wa kabaidi ya tantali una rangi inayokaribia dhahabu, kweli, lakini ile dhahabu inayong'aa juu ya tipu ni utando mwembamba wa nitridi ya titani. Tantali iko ndani, huioni. Bei nayo haishangazi: tantali hutoka kwenye mawe ya madini yaitwayo koltani, ambayo kwa wingi huchimbwa Kongo na Rwanda, na watengenezaji wa vifaa vya elektroniki wanaigombania.

Tipu hizi nimezipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu duka linauza boksi zima tu, nami nahitaji tipu mbili tatu za P35 kwa zile shafti za mfereji. Aliye karibu na hapa anayetaka tugawane boksi, aseme.