Tulipeleka mngurumo studio, tukarudishiwa kwaya

Mnisamehe, naandika hasira haijapoa. Juzijuzi sisi vijana wanne tulichangishana, tukakodi studio moja upande wa Kabalagala, hapa Kampala (jina naliacha) turekodi nyimbo zetu mbili za metalikoo. Yaani hadikoo, ule muziki wa panki wa kasi na makelele, uliotiwa gitaa nzito za metali, na kweli koo ndilo linaloumia.

Mwimbaji wetu alipoanza tu kunguruma, fundi akazima maikrofoni. Akazima! "Ssebo, huyu anaimba au anatapika?" Nikamwambia kwa heshima, mzee wangu, ndivyo inavyoimbwa. Nikamwekea Converge, bendi ya Marekani ya metalikoo, kwenye simu, ile albamu yao ya 2001, asikie gitaa linavyotakiwa kukwaruza. Hakumaliza hata nusu dakika, akanirudishia simu kwa vidole viwili kama kashikishwa panya. "Spika yako imepasuka."

Hilo ningelimeza. Lakini kazi tuliyoletewa baadaye, jamani! Mngurumo kaupitisha kwenye otochuni, ile programu ya kunyoosha sauti. Gitaa kazisafisha mkwaruzo wote, zinalia kama kinanda cha Jumapili. Na kwenye brekidauni, pale mdundo unaposhushwa kasi makusudi umwangukie mtu kifuani, yeye kakata vile vituo vya kimya na kuuharakisha, eti ngoma "ilichelewa". Brekidauni hiyo tumeifanyia mazoezi miezi kwenye gereji, umeme ukikatika tunaendelea kwa midomo!

Wala asiniambie Uganda haina masikio ya vitu hivi. Duma, wale Wakenya wawili wenye kelele kutushinda mara kumi, albamu yao ya 2020 imetolewa na Nyege Nyege Tapes, lebo ya hapa hapa Kampala.

Msiende. Nyota moja, na hiyo ni ya dada wa mapokezi aliyetupa chai.

Ila ngoma ya mguu, ile kubwa inayopigwa kwa pedeli... Sijawahi kuisikia yetu ikipiga vile, kila pigo limesimama peke yake, linagonga hadi kwenye meno. Nimeirudia mara nyingi mno kwa mtu aliyekasirika. Haya, nyota mbili. Kurt Ballou, mpiga gitaa wa Converge, hurekodi bendi mwenyewe kwenye studio yake, sasa namwelewa. Pengine ngoma tutazipigia kwa mzee huyu, gitaa na koo tuzirekodie chumbani kwangu.

Amenipigia tena leo kudai salio. Sijapokea.